Nakala Moja ya Kitabu cha Wafiwa

Goma, Murara, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Mama Umwiza, mulamu wangu,

Kama umesimama, keti kwanza.

Mume wako Constant hayuko tena. Risasi ilimkuta hapa Murara mwisho wa mwezi wa kwanza, siku za mapigano, akitoka kuchota maji. Mimi ni dada yake mkubwa, singekuandikia jambo hili kama sina uhakika. Siku zile watu walizikwa pamoja, haraka, kwa sababu ya harufu. Hakuna kaburi lenye jina. Nimeuliza, nikajibiwa: shimo ni moja, watu ni wengi. Kwa hiyo usije kutafuta. Utalipa moto, pikipiki hizi, bure na hutaona kitu.

Usinipigie pia kwenye simu ya jirani. Simu siku hizi ina masikio. Andika. Ndayambaje, motari wa pikipiki anayeleta maharagwe kutoka huko kwenu Kiwanja, hafungui bahasha za watu.

Unajua kazi yangu kanisani: nashika kabati ya vitabu. Pasta Twagirimana alituandikia liste ya vitabu anavyopendekeza, kila hali na kitabu chake. Kuna cha wachumba, cha wagonjwa, cha wazazi, cha wanaoanza kusoma Biblia. Kuna cha wafiwa. Hicho ndicho nakutumia. Nakala ni moja tu kwa kanisa lote, kitunze.

Kinasomwa siku arobaini, ukurasa mmoja kwa siku: aya, maelezo, swali moja. Hakuna kuruka mbele. Ukiwa na sala, iandike kwenye karatasi ya kaye ya shule, uikunje, uishone na uzi kwenye ukurasa wa siku hiyo. Utakuta karatasi za waliokutangulia. Wengine wanashona, wavivu wanabana na pini. Usizifungue. Hizo ni kati yao na Mungu. Sisi hapa tunasema: anayefungua karatasi ya mwingine, marehemu wake hafiki.

Ukifika siku ya arobaini utakuwa mwepesi. Wote waliokisoma wamesema hivyo.

Ni mimi,
Clotilde Nshobole

*

Kiwanja, tarehe 11 mwezi wa tatu 2025

Mama Clotilde, mulamu wangu,

Barua ilinikuta shambani. Nilimaliza mstari niliokuwa napalilia, nikaisoma mara ya pili. Kesho yake nilinyoa nywele. Umwiza alinyoa zake mwenyewe bila kuambiwa. Ana miaka kumi na mmoja. Nilimkuta ameketi na mkasi, kichwa nusu.

Constant alishuka Goma kununua vitambaa vya atelie yake ya kushona, mwezi wa kumi 2022, siku tatu tu. Vita vikafunga njia ya Rutshuru nyuma yake. Tangu siku ile nilikuwa najiambia: siku njia itafunguka. Sasa imefunguka. Moto zinapanda na kushuka kila siku.

Kitabu nimekianza tarehe 5. Leo ni siku ya saba. Nasoma asubuhi kabla ya jembe. Sijaandika karatasi yoyote, sina la kusema bado. Za wengine sizigusi.

Naomba mambo matatu. La kwanza, mkasi wake mkubwa wa kukatia, ule wenye mpini uliofungwa kitambaa. La pili, shimo. Si lazima nilishike. Utaninyooshea kidole kwa mbali, nami nitarudi siku hiyo hiyo.

La tatu ni la kitabu. Kaka yangu Habarurema amerudi kutoka porini. Bunduki aliiacha huko, mwenyewe, hakuna aliyemnyang'anya. Ana risasi kwenye paja, hatembei. Namlaza kwenye gala la maharagwe nyuma ya nyumba. Anayejua ni mimi na Umwiza, na sasa wewe. Mchana kutwa anaangalia paa. Ananiuliza: "Emerance, mutu mwenye alimwaga damu, Biblia inamusema je?" Mimi najua kusoma, kufundisha sijui. Namwambia: "Lala." Anasema: "Nimelala miaka tatu na macho wazi, unanifundisha kulala?"

Kwenye liste ya Pasta kuna kitabu cha mtu wa namna hiyo?

Emerance Mukantwari

*

Goma, tarehe 17 mwezi wa tatu 2025

Mama Umwiza,

Mkasi wezi walichukua, pamoja na mashine. Shimo usiniulize tena.

Liste haina kitabu cha mtu kama kaka yako. Nimeiangalia mara mbili. Kuna hiki cha wanaoanza kusoma Biblia, masomo kumi na mbili, kila swali na nafasi ya jibu chini yake. Natuma. Aandike kwa kalamu ya risasi, kitabu kirudi safi. Ndani asiweke jina lake. Mimi nimeliandika kwenye daftari la kabati, kama kanuni inavyotaka: nani amechukua, anakaa wapi. Nimeandika Habarurema, Kiwanja, gala la maharagwe nyuma ya nyumba ya Mukantwari.

Sasa la Umwiza. Mtoto wa Constant ni mtoto wetu. Wewe ni mjane, na mtu wa bunduki amelala nyuma ya nyumba yako. Hapo si mahali pa kukuzia msichana, na wewe unajua hilo kabla sijaliandika. Mlete mwisho wa trimestri, muhula wa tatu auanze Goma. Shule nimeona, sare nitashona. Kwenye kitabu cha wazazi, Pasta anasema, kuna sura nzima juu ya kumwachilia mtoto. Ningekutumia, lakini kimeazimwa.

Usinijibu kwa machozi. Nijibu kwa tarehe.

Clotilde

*

Kiwanja, tarehe 24 mwezi wa tatu 2025

Mama Clotilde, mulamu wangu,

Tarehe ni 12 mwezi wa nne, Jumamosi. Nimeliwaza siku sita. Juzi watu wasiojulikana walipita kwenye mashamba ya jirani wakiulizia vijana. Umwiza alikuwa mlangoni. Nilimwona anavyoangalia gala. Mtoto hawezi kushika siri ya namna hiyo mwaka mzima. Utamchukua.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha. Jana ilikuwa siku ya kumi na tisa. Nilipogeuza ukurasa nilikuta karatasi imeshonwa na uzi wa buluu, mishono miwili mbele, mmoja nyuma, fundo limefichwa ndani. Ni mkono wa Constant. Fundi mwingine wa kushona hivyo simjui. Mimi alinifundisha, na Umwiza alimfundisha akiwa na miaka sita, kwenye mabaki ya sare za shule.

Kumbe naye alikisoma kitabu hiki! Nadhani ni wakati mama yenu alipofariki, ule mwaka wa kwanza wa njia kufungwa. Habarurema aliniona nimeshika kitabu tu, jembe liko chini, akasema kutoka ndani ya gala: "Leo kuna nini? Umekuta Yesu mwenyewe humo?" Nikamwambia: "Nimekuta bwana yangu."

Sikuifungua. Kila asubuhi kabla ya ukurasa wa siku narudi kwenye ule wa kumi na tisa, napitisha kidole juu ya uzi. Ulinitumia kitabu, kumbe ulinitumia kaburi. Mungu akulipe.

Emerance

*

Goma, tarehe 28 mwezi wa tatu 2025

Mama Umwiza,

Kitabu cha wafiwa kirudi mara moja. Kuna familia hapa imepoteza watu wawili, inakingoja. Mpe Ndayambaje huyu huyu anayekuletea barua. Usingoje kumaliza. Siku kumi na tisa zinatosha kwa mtu mwenye imani.

Na usifungue karatasi. Nakukumbusha tu. Unakumbuka tunavyosema.

Umwiza namngoja tarehe 12.

Clotilde

*

Kiwanja, tarehe 12 mwezi wa nne 2025

Mama Clotilde,

Barua hii anakuletea Umwiza mwenyewe. Kitabu sikumpa Ndayambaje siku ile, wala leo simpi. Unisamehe. Wewe ndiye uliniambia siku arobaini na hakuna kuruka. Leo ni ya thelathini na tisa. Nimebakiza kesho, ambayo ni Jumapili ya Matawi, kisha kitashuka. Nimekuta karatasi nyingine ya buluu kwenye siku ya thelathini na tatu. Napenda nimalize pamoja naye.

Huyu ndiye mtoto. Sambaza, samaki wale wadogo, anakula ukitoa vichwa. Maziwa ya ng'ombe yanamtia upele. Anashona vizuri kuliko mimi. Akiogopa hanyamazi kama watoto wengine, anaanza kupanga vitu: vikombe, viatu, chochote kilicho karibu. Ukiona anapanga viatu, muulize.

Na jambo moja kubwa. Ni mtoto wa kanuni. Ukimwambia fanya, anafanya. Ukimwambia usifanye, hafanyi, hata ukiondoka mwezi. Mwaka jana nilimwambia asiondoke kwenye kizingiti mpaka nirudi. Risasi zilianza, majirani wote wakakimbia, mimi nilirudi jioni nikamkuta kizingitini. Nilimpiga kwa sababu hakukimbia. Akasema: "Mama, ulisema." Kwa hiyo angalia unamwambia nini.

Amevaa nguo yake ya Noeli, ile ya rangi ya machungwa. Nilimwambia ataichafua njiani. Akasema baba yake hajaiona, hata kama ni shimo ataionyesha shimo. Usimkatalie hilo.

Emerance

*

Kiwanja, tarehe 15 mwezi wa nne 2025

Clotilde,

Jumapili nilimaliza siku ya arobaini. Kulikuwa na karatasi ya tatu. Nikajiuliza jambo dogo: kwa nini Clotilde alitaka kitabu kabla sijafika hapa? Kabati yako ina vitabu vingi. Hujawahi kuwa na haraka na kitabu.

Nikachukua wembe. Nakunakilia kama zilivyo, usije ukasema nimeongeza.

Siku ya 19. *Tarehe 8 mwezi wa sita 2024. Bwana, Pasta anataka nimlilie Emerance mbele ya watu Jumapili. Machozi hayaji. Nisaidie yaonekane.*

Siku ya 33. *Tarehe 22 mwezi wa sita 2024. Bwana, Dorine amekubali. Clotilde anasema ndoa iwe mwezi wa kumi na mbili. Njia ya Rutshuru isifunguke kabla.*

Siku ya 40. *Tarehe 29 mwezi wa sita 2024. Asante kwa kitabu. Pumzisha Emerance. Nirudishie Umwiza.*

Ni mkono wake na uzi wake. Mwaka ni 2024, na aliyefiwa ni yeye. Maiti ni mimi.

Mliniombea kifo miezi tisa kabla ya kuniletea chake. Mliomba vita viendelee. Sisi huku tulikuwa tunaomba viishe, na Mungu alikuwa na barua mbili mezani, akajibu yenu.

Ulisema anayefungua karatasi ya mwingine, marehemu wake hafiki. Hapo hukudanganya. Kama mimi nilikufa kwa mdomo tu, naye amekufa kwa mdomo huo huo. Wangu hajafika. Yuko Murara, anashona suti.

Nirudishie mtoto. Ndayambaje atasimama mbele ya nyumba, kwenye parseli yako, Ijumaa. Mtoto asipopanda, Jumapili ya Pasaka nitashuka mwenyewe na karatasi tatu, na Pasta atazisoma mimbarini.

Emerance Mukantwari, aliye hai

*

Goma, tarehe 22 mwezi wa nne 2025

Emerance,

Ndayambaje alisimama bure, kama alivyokuambia. Wewe Pasaka hukushuka. Nadhani ulikumbuka daftari langu. Umefanya vizuri.

Nitaandika mara moja, bila kupamba.

Constant alikaa peke yake karibu miaka miwili. Nilipomwambia Pasta kwamba umekufa, nilidhani pengine ni kweli. Kiwanja walikufa wengi. Baadaye tulisikia uko hai, lakini tangazo lilikuwa limeshasomwa, na Dorine alikuwa ameshapimwa gauni. Tangazo la kanisa halirudishwi kama sahani kwa jirani. Njia ilipofunguka ilibidi mmoja wenu afe upande wa pili. Nilichagua yeye, kwa sababu wewe usingekubali kufa.

Kitabu nilikutumia kwa sababu kiko kwenye liste. Mfiwa anapewa cha wafiwa, ndivyo ninavyofanya miaka tisa. Sijakisoma. Vitabu vya kabati sivisomi, mimi ninavigawa. Constant hakuniambia kwamba aliandika kitu. Hilo ni kosa letu moja na limekwisha.

Umwiza alipofika nilimwambia la kwanza: Papa yuko, tulikosea maiti. Alifurahi mpaka akatapika. Alimwonyesha nguo. Siku ya tatu nilimwambia la pili: homa ilikuchukua kwa siku mbili, mazishi yamekwisha, njia si nzuri. Alipanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa. Sasa anakula. Dorine hazai, daktari alishasema, anampenda. Dorine hajui kitu, na wewe hutamwambia. Si mkosaji.

Tumehama parseli. Aveni ya nyumba mpya huijui, na hutaijua.

Sasa sikiliza. Daftari la kabati liko mezani, wazi. Jina la kaka yako limo, na gala limo. Wenye kushika doria wanapita kanisani kila Jumatano kuomba maji ya kunywa, na mmoja wao anapenda kusoma. Nikikuona Goma, au nikisikia umemwandikia Pasta, au mtu yeyote wa kwenu akifika mlangoni, nitamwachia asome. Una kaka mmoja na mtoto mmoja. Mtoto ana pa kulala, chakula na shule. Kaka ana wewe tu. Chagua kama mtu mzima.

Mwisho. Pasta amemwona Umwiza anavyokonda. Yeye anajua ulikufa zamani, anadhani mtoto amechelewa kulia, watoto huchelewa. Amempendekezea kitabu cha wafiwa. Ananiuliza kila Jumapili kiko wapi. Unacho wewe. Kirudishe, na karatasi tatu za buluu ndani, nitazihesabu. Kurasa zake nitazikata kwa wembe na kuzichoma mwenyewe.

C. Nshobole

*

Kiwanja, tarehe 29 mwezi wa nne 2025

Mama Clotilde,

Kitabu ndicho hiki. Karatasi tatu zimo, ya 19, ya 33, ya 40. Nimezirudisha mahali pake. Utaona nilipokata uzi.

Sitashuka. Sitamwandikia Pasta. Umeshinda, na sitakusumbua kwa maneno.

Naomba jambo moja, kama kwa mtu aliyekufa. Umwiza akisome kama ulivyonifundisha mimi: ukurasa mmoja kwa siku, tangu wa kwanza, mkononi mwake mwenyewe, bila kuruka. Usimsomee. Umpe uzi na sindano.

Kitabu cha Habarurema pia kinarudi. Alijibu maswali yote kwa kalamu ya risasi, isipokuwa moja kwenye somo la nne: *Adui yako ni nani?* Aliacha nafasi wazi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Zamani nilikuwa najua jibu. Sasa ni wewe utaniandikia." Nami nimeiacha wazi, kwa kuwa umesema kitabu kirudi safi.

Emerance

*

*Karatasi ya kaye, imekunjwa mara nne na kushonwa kwa uzi wa machungwa kwenye ukurasa wa siku ya ishirini na saba*

Kiwanja, tarehe 29 mwezi wa nne 2025

Umwiza, mwanangu,

Niko hai. Soma tena: niko hai. Sikupata homa. Jana nilipanda viazi, leo nimepika sombe, Mjomba amekula na kulalamika chumvi.

Ili ujue ni mimi: una kovu chini ya goti la kushoto, la jembe. Nililifunga na kipande cha kikwembe changu cha njano na tulikubaliana tusimwambie mtu kwamba ulikuwa unacheza. Hakuna mwingine anayejua. Na uzi huu ni wa nguo yako ya Noeli. Bobini ya uzi ilikuwa imebaki kwenye kopo la vifungo.

Shangazi atakata karatasi tatu za buluu. Hii haijui. Nimeiweka siku ambayo sikumtajia, na nimeibana sana kusiwe na uvimbe. Yeye hafungui vitabu, amesema mwenyewe. Wewe ndiye utakayefika ukurasa huu.

Usilie mbele ya mtu. Usimwambie Papa, wala Shangazi, wala yule mama wa nyumba hiyo hata kama ni mwema. Fanya hivi. Jumamosi zote nne za mwezi wa sita, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, Ndayambaje atakuwa kwenye parking ya moto za Rutshuru. Unamjua. Atavaa kofia nyekundu ya pamba, hata jua likiwaka. Sema unaenda kununua chumvi. Usichukue nguo. Panda, mshike kiunoni, hatakuambia lolote mpaka mpite Kibumba, nje ya mji. Jumamosi hizo Mjomba atakuwa tayari amebebwa mahali pengine, usimwogopee. Baada ya nne hizo siwezi tena. Waliokubali kumficha wamenipa mwezi mmoja tu.

Najua nilikufundisha kutogusa karatasi za watu. Hii si ya mtu mwingine. Ni yako. Nje sikuandika jina kwa sababu Shangazi angeliona. Uzi utakuambia.

Mama yako

*

*Karatasi ya kaye, imekunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi mweusi kwenye ukurasa huo huo*

Goma, tarehe 30 mwezi wa tano 2025

Mama,

Leo ni siku ya makumi mbili na saba. Pasta alisema naweza kuandikia Mungu ao kuandikia wewe, itafika pamoja.

Niko muzima. Masomo nilikuwa wa tatu. Papa yuko, walikosea, ni mutu mwengine alikufa. Anashona na mashine mupya. Ananiacha nishone mifuko ya suruali. Mama Dorine ni muzuri, anatoa vichwa vya sambaza bila mutu kumwambia. Nilimuambia wewe ndiye ulikuwa unatoa, akalia, akaenda inje.

Nasoma kitabu kila asubuhi. Siruki. Ukurasa wa kumi na tisa hauko, mutu aliukata. Shangazi anasema ni panya. Panya haikati mustari hivyo.

Leo kwenye ukurasa nilikuta karatasi ya mutu. Imeshonwa na uzi wa machungwa sawa nguo yangu ya Noeli. Mushono ni wa Papa, mbili mbele, moja nyuma. Nilimuuliza Papa kama ni yake, bila kumuonyesha. Nilisema tu: Papa, wewe uliandika mu kitabu cha wafiwa? Akasimamisha mashine. Akasema ndiyo, zamani, achana na hiyo. Kwa hiyo ni yake.

Lakini, Mama, niliinusa. Inanuka moshi ya kwetu, na maharagwe. Nilikaa nayo sana. Nilipanga vifungo vya Papa vyote, vyeusi, vyeupe, vya kaki, nikarudi, bado ilikuwa inanuka. Wembe ilikuwa pale mezani. Niliiweka juu ya uzi.

Siku ya kwanza Shangazi alinifundisha: mwenye kufungua karatasi ya mwengine, marehemu wake hafiki.

Nimeweka wembe chini. Hii yangu nimeishona juu ya ile, pande zote nne, mushono mara mbili, mutu mwengine asijaribiwe kama mimi. Sasa haiwezi kufunguka.

Kesho ni Jumamosi. Shangazi anasema mwezi wa sita wote, kila Jumamosi, nitakuwa napangusa vitabu vya kabati, kwa sababu niko mutoto mwenye kusikia.

Sikufungua, Mama. Nataka ufike.

Umwiza